Bi Madoa na Nguo za Wodi ya Sita

Doa la kwanza lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama, na ukitaka ukweli, hata sura ya kutisha halikuwa nayo. Lilikuwa la njano tu, limejikalia kwenye pindo la gauni la mgonjwa, kule chini kabisa, mahali ambapo mtu mwenye shughuli zake hana sababu ya kuangalia. Lakini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ile kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye pindo ndo kitu cha kwanza anachoangalia. Akikutana na shuka, pindo. Akikutana na pazia, pindo. Akikutana na bwana harusi, pindo la suruali kwanza, sura baadaye.

Wenzake walimwita Bi Madoa, naye alilibeba jina hilo kama cheo. Miaka kumi na sita kazini, mikono imebabuka kwa dawa ya kung'arisha, na hakuna doa lililowahi kumshinda na kwenda kusimulia. Damu alitoa. Dawa ya vidonda ile ya zambarau alitoa. Mafuta ya jenereta kwenye koti la daktari mkuu alitoa, na daktari mkuu mwenyewe akashuka ngazi kuja kushangaa.

Sasa, kando ya mlango wa chumba kile kulikuwa na daftari limening'inia kwenye msumari, jalada limelainika kwa mvuke hadi linafanana na sikio la mbwa. Daftari la madoa. Sheria yake ilikuwa nyepesi: doa likitoka, yameisha, nguo iende kwenye pasi. Doa likikataa, unaandika ni la rangi gani, nguo gani, wodi gani, sababu gani, na jioni daftari linapanda juu kwa sista mkuu. Maana wakati mwingine nguo inajua habari za mgonjwa kabla ya daktari.

Bi Madoa hakuwa ameandika humo kwa miaka mitatu. Kwake lile lilikuwa daftari la walioshindwa.

"Njoo uone hili," alimwambia mwenzake wa mashine ya pili siku ile. Mwenzake aliitwa Taarifa, kwa sababu hakuna kilichotokea hospitalini ambacho hakukitangaza kabla ya saa nne. "La njano. Wodi ya sita."

"Wodi ya sita?" Taarifa alichungulia. "Mkojo huo, mama. Wale wana mambo mengi, watakumbuka choo?"

"Mkojo haukai kwenye pindo peke yake kama mpangaji."

"Basi chai. Basi rangi. Basi mtume alishuka akaacha alama. Kwani linatoka, halitoki?"

Bi Madoa aliweka tone moja la dawa yake, akasugua kwa ukucha mara tatu. Likatoka.

"Limetoka," alisema, na akatabasamu lile tabasamu lake la kuudhi.

"Basi shida iko wapi?"

Shida haikuwepo. Ndo ubaya wake huo.

Kuna jambo Taarifa alilijua ila kwa mara moja maishani mwake hakulitangaza: wodi ya sita, wodi ya wagonjwa wa akili, ndiko alikolazwa mdogo wake Bi Madoa. Wiki ya kwanza ndo kwanza ilikuwa inaanza. Ilikuwa mara ya tano kulazwa, na ukihesabu na zile za kuletwa asubuhi na kurudishwa mchana, hapo hata vidole vya miguu havitoshi.

Mdogo wake aliitwa Redio. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na yeye mwenyewe ukimwita jina la shule anageuka kuangalia nani anaitwa. Zamani lilikuwa jina la sifa, maana alikuwa na mdomo wa kuchekesha msiba. Baadaye, alipofika miaka ishirini na kitu, ikawa anazungumza na watu walioko ndani ya ukuta. Mwanzoni alitania nao. Kisha wakaanza kumtukana. Kisha akagundua kwamba akinywa zile pombe kali za vifuko, na akivuta kidogo juu yake, wale wa ukutani wanasogea mbali, sauti inapungua kama jirani aliyefunga dirisha. Kwa saa mbili. Wakirudi, wanarudi na ndugu zao.

Bi Madoa alizunguka naye. Kliniki ya akili iko ghorofa ya pili, kliniki ya kuacha ulevi iko jengo la nyuma, na kati yao kuna ua wenye mnazi mmoja mkavu. Kule juu walimwambia: mama, hatuwezi kujua ugonjwa ni upi wakati amejaa pombe, aache kwanza kunywa. Kule nyuma walimwambia: mama, mtu anayejibizana na kabati hawezi kukaa kwenye kikundi, atulizwe kwanza kichwa. Alivuka ule ua na faili kifuani mara nyingi kiasi kwamba mlinzi alidhani ni mfanyakazi wa masijala.

Kila mlango una bei yake. Kumuona daktari, unalipa. Kulala, unalipa kwa siku. Damu, unalipa. Siku akishikwa na ukali, gari la kumbeba unalipa na vijana wanne wa kumkamata unawatoa soda. Alivunja kioo cha mapokezi, dada akalipa. Alivunja mlango wa nyumbani mara tatu, na fundi seremala jirani, anayetengeneza vitanda, alimrudishia mlango mara tatu. "Huyu ndo mteja wangu bora," alisema fundi. "Wengine wananunua kitanda, wanapotea miaka." Friji iliondoka kwa mnunuzi. Kabati la kioo likafuata. Kwenye kundi la familia kwenye simu, Bi Madoa alipotuma ujumbe kwamba ndugu yenu kalazwa tena, alipata mikono ya kuomba kumi na nne, mioyo sita, na pesa sifuri. Shangazi, aliyekuwa akiishi mbali na kwa amani, aliongeza neno moja tu: "Sikio la kufa halisikii dawa." Halafu akaweka ua.

Mara hii ya tano daktari wa wodi ya sita alikuwa kijana, mrefu, amevaa soksi za rangi mbili tofauti kwa makusudi. Alimkalisha Bi Madoa kwenye kiti kizima, siyo kile kibovu cha ndugu wa wagonjwa, na hapo hapo moyo wa Bi Madoa ukashtuka. Ukiona unapewa kiti kizima, jua linalokuja ni zito.

"Mama, zile dawa za kawaida zote tumeshampa. Hazijamshika. Imebaki hii moja."

Alimwonyesha kidonge cha njano, kidogo, kina mstari katikati.

"Hii ina nguvu, ila ni ya masharti. Damu apimwe kila wiki. Tunaanza na robo, tunapandisha taratibu mpaka mwili uzoee. Sasa nisikilize hapa." Aliinama mbele. "Akikosa siku mbili tu mfululizo, mwili umeshasahau. Hapo hamumpi dozi nzima. Mnamleta, tunaanza upya na robo. Ukimpa nzima kwa ghafla, presha inaanguka, anaweza kulala asiamke. Na kama kuna pombe juu yake, ndo kabisa."

Bi Madoa alirudia maneno yale kimoyomoyo kama maelekezo ya kufulia: siku mbili, robo, asiamke. Kitu kimoja alikijua duniani, kufuata maelekezo.

"Kuna kipimo kingine," daktari aliendelea, sauti imeshuka, "kinachoangalia kama dawa yenyewe imefika kwenye damu. Ile damu ya kila wiki haituambii hilo. Lakini kinapelekwa nje ya hapa, na bei yake..." Aliandika kwenye kipande cha karatasi badala ya kutamka. Watu wanaoandika bei badala ya kutamka, kaa nao mbali.

Bi Madoa aliangalia. Ilikuwa sawa na kitanda cha wodi kwa wiki nzima. Akafikiria: wiki nzima ndani, mbali na vifuko, anameza mbele ya nesi. Au karatasi moja yenye namba.

"Niongezee kitanda," alisema.

Huwezi kumlaumu. Hata wewe ungechagua kitanda.

Madoa yaliendelea. Siku ya pili yalikuwa mawili, siku ya tano manne, yote kwenye mapindo ya zile gauni za kijani za wodi ya sita. Nguo zinakuja thelathini kwenye furushi moja, hazina jina, hazina namba, huwezi kujua nani alivaa ipi. Mengine yalikuwa makavu kama chaki. Mengine yalikuwa yameloana, na ukiminya pindo unasikia kitu kama unga ulioganda. Bi Madoa alifungua nyuzi, akakung'uta, akatia tone, akasugua, akashona tena. Yakatoka yote. Kila yalipotoka alijisikia vizuri kidogo, kwa sababu huko nyumbani hakukuwa na kingine kilichokuwa kinatoka.

"Si uandike tu," Taarifa alimwambia wiki ya pili, anafuta jasho. "Doa moja kila siku mahali pamoja? Hapo pana jambo. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua."

"Niandike nini na limeshatoka?"

"Andika lilikuwepo."

"Mwenzangu, daftari ni la yaliyokataa. Mimi halijanikatalia."

Taarifa akainua mikono. "Haya, bingwa. Tutakuchongea sanamu hapo karibu na pipa la sabuni."

Saa za kuona wagonjwa Bi Madoa alipanda juu, akamkuta Redio amekaa kwenye ukingo wa kitanda, miguu inacheza. Wiki mbili bila kifuko zilikuwa zimemrudishia uso. Macho yamefunguka, mashavu yamerudi, hata utani umerudi.

"Dadaangu! Umekuja kuona kama nguo zako zinanikaa?"

"Zinakukaa. Unameza dawa?"

"Nameza mpaka naogopa. Muulize nesi. Nafungua mdomo hivi, aaa, kama daktari wa meno." Alifungua mdomo. Mdomo ulikuwa mtupu, ulimi msafi. "Umeona?"

"Na wale wa ukutani?"

Redio alicheka, halafu akaangalia ukuta kidogo, kwa adabu, kama mtu anayemwomba mwenye nyumba ruhusa ya kusema.

"Wapo kimya," alisema. "Wamesafiri."

"Vizuri basi."

"Dada, lakini ukizima redio, nyumba inakuwa kimya sana. Umewahi kufikiria hilo? Unabaki wewe na wewe tu. Na huyo wewe mwenyewe simjui vizuri."

Bi Madoa alimpiga kofi la mapenzi begani, akamwambia aache falsafa, ale ndizi. Kwenye kitanda cha pili kutoka chake, mzee mmoja aliyekuwa akivuta sigara hadharani bila woga wowote alimkonyeza Redio. Bi Madoa alijiuliza ni nani anamletea mzee yule sigara, na kwa malipo gani, kisha kengele ikalia, ndugu wote nje.

Siku ya ishirini na moja walimpa ruhusa. Daktari wa soksi alifurahi waziwazi. Wodini ni mtulivu, analala, anataniana, hajagombana na mtu. Dozi ilikuwa imepanda hadi mwisho wake: vidonge vitatu asubuhi, vitatu jioni. Dirisha la malipo lilichukua kilichobaki cha pesa ya kabati la kioo, likatoa risiti ndefu ya kutosha kujifunga kilemba.

"Ya leo asubuhi hajapewa," nesi wa wodi aliwaambia mlangoni, anasoma karatasi. "Jina limeshatoka kwenye orodha, duka la dawa halitupi tena za kwake. Mama, ukifika nyumbani mpe kwenye hizi za kwenda nazo."

"Nitampa kwa mkono wangu," alisema Bi Madoa.

Njiani, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, Redio aliomba kupita dukani kununua kiberiti. Alikaa zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa kwa mtu anayenunua kiberiti, na alitoka anatafuna kipande cha tangawizi. Bi Madoa alinusa. Tangawizi, na nyuma ya tangawizi, kitu.

"Umekunywa?"

"Funda moja, dada. La kuaga. Hata kazini watu wanaagwa."

Alitaka kumtukana katikati ya barabara. Akameza. Funda moja, ametoka jela ya dawa wiki tatu, na dawa ndo itamshika sasa. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini kutoka dukani hadi mlangoni kwao alitembea haraka, kama mtu anayefukuzwa na kitu asichotaka kugeuka kukiona.

Saa tano asubuhi alimkalisha jikoni. Glasi ya maji, vidonge vitatu kwenye kiganja.

Redio aliviangalia. "Niache nipumzike kwanza."

"Meza."

"Nitameza saa sita."

"Utameza sasa hivi, nikikuona. Halafu utainua ulimi."

"Dada, si unaniamini?"

"Nakupenda. Kuamini ni idara nyingine. Meza."

Redio alimtazama dada yake, na kwenye uso wake palipita kitu, kama mtu anayetaka kusema jambo halafu anakumbuka ni lake na wenzake wa ukutani. Kisha akavimeza, kimoja, kimoja, kimoja. Akainua ulimi. Safi.

"Haya, nesi mkuu," alisema. "Umefurahi?"

Alifurahi, ndiyo. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi alisikia mabega yanashuka. Redio akasema kichwa kizito, akaenda kujilaza. Na Bi Madoa, kwa kuwa ni Bi Madoa na siku ya mapumziko haimaanishi chochote kwake, alichukua suruali aliyorudi nayo mdogo wake kutoka wodini, akaitumbukiza kwenye beseni.

Maji yakawa ya njano.

Hayakuwa ya njano mara moja. Yalianza kama uzi, unatoka kwenye pindo la mguu wa kushoto, unajizungusha polepole kama moshi wa sigara. Bi Madoa alisimama ameshika sabuni. Rangi ile aliijua. Aliijua kama mtu anavyomjua mdai wake kwa hatua za miguu.

Alivuta pindo. Nyuzi zilikuwa zimeshonwa upya, kwa mkono, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona. Akazikata kwa meno. Vikadondoka kwenye beseni, kimoja baada ya kingine, vidonge vyenye mstari katikati: vinane vizima, na vingine vimekuwa uji.

Wiki tatu. Mdomo wazi, aaa, ulimi msafi, nesi anageuka, kidonge kinatoka shavuni kinaingia kwenye pindo la gauni, au la suruali. Baadhi kwa mzee wa kitanda cha pili, kwa sigara. Na kila siku, kila siku, mwanamke mmoja chini kwenye mvuke anafuta alama, anashona pindo, anarudisha gauni safi juu.

Siku mbili. Robo. Asiamke.

"Redio."

Hakujibu. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono umening'inia nje ya kitanda. Alimtikisa. Alimzaba kibao. Kope zilifunguka kidogo, weupe tu, zikafumba. Ngozi ilikuwa baridi na imelowa, na pumzi ilikuja, ikakaa, ikafikiria, ikaja tena.

"Fundi!" Bi Madoa alipiga kelele dirishani. "Fundi, njoo!"

Fundi seremala aliruka ukuta mdogo na randa mkononi, akitegemea mlango wa nne. Alipoona, aliitupa randa. Walimbeba hadi kwenye mkokoteni wake wa mbao, juu ya ubao wa kichwani wa kitanda cha mteja, na fundi akasukuma dakika ishirini kwa dakika tisa, anapiga kelele watu wapishe, huku Bi Madoa anakimbia kando ameshika kichwa cha mdogo wake kwa mkono mmoja na suruali iliyoloa kwa mkono mwingine. Hakumbuki alivyoichukua. Ilikuwa inachuruzika njano njia nzima.

Kwenye mapokezi ya dharura, nesi mwanamume aliinama, akanusa, akanyooka.

"Pombe."

"Siyo pombe! Amemeza dawa, vidonge vitatu..."

Nesi alibonyeza kompyuta. Bi Madoa aliona uso wake unavyofunga, kama duka linavyofungwa. "Huyu namjua. Ndo alivunja kioo hapa. Imeandikwa mlevi sugu." Alionyesha benchi refu kando ya ukuta, ambako watu wawili wengine walikuwa wamelazwa ubavu, viatu vimetoka. "Mlazeni pale. Akiamka atachukuliwa vipimo."

"Hataamka! Nimempa dozi nzima!"

"Mama, dozi si ameandikiwa? Hapa inasomeka, tatu asubuhi. Ametoka wodini leo, wiki tatu anameza vizuri. Mwili wake umezoea. Kilichoongezeka ni hiki anachonuka."

"Hakuwa anameza! Angalia!" Alikunjua suruali.

Nesi aliangalia kitambaa kilicholoa, cha njano, kinachodondosha maji sakafuni. Aliangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndo ilimtisha Bi Madoa kuliko ukali. "Mama, kaa kidogo. Nitakuletea maji."

Fundi alibaki ameshikilia kichwa cha Redio benchini. "Anapumua," alisema. Kisha, baada ya muda: "Anapumua." Alikuwa anahesabu.

Gauni la jana. Furushi la wodi ya sita linashuka saa nne, linaingia mashineni saa saba. Bi Madoa aliangalia saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika chache. Akakimbia.

Alipofika chini, Taarifa alikuwa ameshajaza mashine, amefunga mlango wa kioo, kidole kiko juu ya kitufe.

"Usiwashe!"

"Mama! Umenitoa roho! We leo si uko..."

 Bi Madoa aliuvuta mlango, akamwaga gauni za kijani sakafuni, akapiga magoti, na mikono ikaanza kazi iliyoijua: pindo, pindo, pindo, pindo. La kumi na tisa lilikuwa gumu kidogo. La njano. Ndani yake kidonge kimoja kizima na kingine nusu, vimeshikamana na uzi. Taarifa alisimama, mkono mdomoni, kisha akaanza kuzirudisha gauni nyingine kwenye furushi.

Ghorofa ya pili. Ngazi thelathini na mbili. Daktari wa soksi alikuwa anakula mkate wake dirishani.

"Hiki kimetoka kwenye gauni lililoshuka leo asubuhi," Bi Madoa alisema, anahema. "Jana kilikuwepo. Juzi kilikuwepo. Wiki tatu vimekuwepo. Hakumeza hata kimoja, na mimi nimempa vitatu saa tano, na yuko chini kwenye benchi la walevi."

Daktari aliweka mkate. "Wiki tatu? Nani anajua?"

"Mimi. Nimeyafua." Akakiweka kidonge mezani. "Yalikuwa yanatoka. Kila siku yalikuwa yanatoka, nami sikuandika."

 Daktari alikuwa ameshatoka mlangoni, soksi moja nyekundu, soksi moja ya bluu, zinaruka ngazi tatu tatu.

Walimtoa benchini wakimkimbiza. Presha ilikuwa imeshuka mahali ambapo yule nesi wa mapokezi aliisoma mara mbili, kisha akaanza kufanya kazi haraka bila kumtazama mtu usoni. Maji ya mshipani, mpira wa hewa, mashine inayolia. Fundi seremala alikaa sakafuni, mgongo ukutani, anasema peke yake: "Alikuwa anapumua. Nilikuwa nahesabu." Saa kumi jioni Redio alifungua macho, akauona ukuta, akausikiliza, akalia bila sauti.

Daktari wa soksi alitoka, akajipangusa. "Amepona kwa leo," alisema. Akasisitiza: kwa leo. "Tunaanza upya. Robo. Na kitanda..."

"Najua," alisema Bi Madoa. Dirisha la malipo liko pale pale, halijahama.

Kesho yake alirudi kazini. Kabla ya kuvaa aproni alishusha daftari kwenye msumari, akaandika kwa mwandiko wake mkubwa wa shule, huku Taarifa akichungulia begani kwake bila kupumua: *Njano. Pindo la gauni. Wodi ya sita. Wiki tatu.* Mahali pa sababu aliacha wazi muda mrefu, kisha akaandika: *Lilitoka.* Sista mkuu alimwita jioni. Waliongea mlango umefungwa, na hadi leo Taarifa hajui walisema nini, jambo linalomnyima usingizi. Kinachojulikana ni kwamba kuanzia siku ile doa lolote la wodi ya sita linaandikwa, litoke lisitoke. Na kwamba Bi Madoa alishona uzi mwekundu kwenye kola ya gauni moja la kijani, akalipeleka juu mwenyewe, akahakikisha ni Redio aliyelivaa.

Siku ya nne furushi lilishuka saa nne kama kawaida. Alilifungua. Kola, kola, kola. Uzi mwekundu. Akaligeuza gauni taratibu, vidole vinashuka hadi chini, navyo vilijua kabla ya macho.

Doa lilikuwa dogo sana safari hii. Kiasi cha robo.

Chupa ya dawa ya madoa ilikuwa karibu na kiwiko chake, kifuniko wazi. Taarifa, mashine ya pili, alizima mashine yake ili asikie.

"Linatoka?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Linatoka," alisema Bi Madoa.

Alifunga kifuniko. Akachukua daftari na msumari wake wote, uliong'oka na kipande cha plasta, akalikunja gauni kwapani na kuanza kupanda ngazi thelathini na mbili, akihesabu.